Jiwe la Gerlando

Gerlando Sciabica alikuwa na bajaji ya kijani, mke mwenye msimamo na shimo la choo lisilokwisha. Bajaji ilimlisha: asubuhi aliwapeleka wageni kwenye mahekalu ya Wagiriki pale Agrigento, mchana kwenye mwamba mweupe unaoshuka baharini ngazi kwa ngazi kana kwamba umemwagiwa maziwa. Mahekalu yenyewe hakuyajali. "Miaka elfu mbili na mia tano," aliwaambia wageni, "na bado hawajaezeka."

Shimo lilikuwa jambo jingine. Choo cha ndani kilikufa tangu Krismasi, na mkewe Crocifissa alikwisha kutoa neno: "Pasaka ikinikuta bado naomba choo kwa dada yangu, nahamia hukohuko."

Basi Gerlando akamwita shemeji yake Baldassare, wakachimba. Siku ya tatu sururu ikagonga kitu kigumu. Wakafukua kipande cha nguzo, kimechongwa vizuri, kizito kama mbuzi wawili.

Baldassare akavua kofia. "Shemeji, pole. Huna choo."

Sheria ilitaka atoe taarifa. Wangekuja watu wa mambo ya kale, wazungushe utepe, na shimo lisingekuwa lake tena. Jirani yao Filippa alitoa taarifa alipokuwa akichimba kisima. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja, shimo lake limefunikwa turubai na paka wanazalia humo.

"Tulifukie jiwe palepale," alisema Gerlando.

"Na choo ukichimbe wapi, kitandani?"

Gerlando akakuna kichwa. "Jiwe linafichwa kwenye mawe. Tulirudishe kwa wenzake."

Siku iliyofuata, saa saba mchana, walinzi wakiwa wanakula, bajaji ikafika mahekaluni. Mbele walibanana mashemeji wawili. Nyuma walikaa mume na mke kutoka Norway, miguu juu ya gunia, na chini ya gunia jiwe. Wageni waliposhuka kupiga picha, Gerlando na Baldassare wakalinyanyua.

Hawakufika mbali. Mlinzi Ignazia, ambaye siku hiyo alikuwa amekula mapema, alitokea nyuma ya ukuta akawakuta katikati ya bajaji na hekalu. Na watu waliobeba jiwe kubwa, wakiyumba huku na huku, huwezi kujua wanatoka nalo au wanakwenda nalo.

"Simameni hapohapo," alisema Ignazia. "Gerlando, maua ya miti ya lozi unayochuma hapa hayakutoshi, umekuja kuchuma nguzo?"

Gerlando alikuwa na ukweli mdomoni, tayari kabisa. Kisha akilini akauona utepe. Akaona turubai. Akamwona Crocifissa na sanduku lake.

"Nimeiba, dada Ignazia," alisema. "Nisamehe."

Baldassare nusura aliangushe jiwe kwenye vidole vyake.

"Umri huo? Huoni haya?"

"Ni shetani, dada."

"Shetani hana bajaji. Ulilitoa wapi?"

Gerlando akatazama huku na huku, akaonyesha mahali patupu karibu na mzeituni. "Pale."

"Lirudisheni. Taratibu. Kama mtoto."

Wakalilaza pale, Ignazia akisimamia, mmoja wa wale wageni wa Norway akipiga picha kwa heshima zote.

"Nikiita polisi nitaandika karatasi mpaka jioni," alisema Ignazia, "nami nina samaki wa kupika. Lakini bajaji hii nisiione tena kwenye geti langu."

Choo kilikwisha Jumatano kabla ya Pasaka. Kanisani wanawake walinong'ona: mwizi wa nguzo. Crocifissa, aliyejua habari yote, hakumtetea hata kidogo. "Waume wote wana tabia zao," aliwajibu. "Wangu huyu angalau ana choo."

Siku hizi Gerlando anawapeleka wageni moja kwa moja kwenye mwamba mweupe. Wakiulizia mahekalu, huwaonyesha kwa kidole kutoka barabarani, bila kuzima injini.