Nyota Tatu za Papa

Sijawahi kuomba hata chumvi kwa jirani, lakini nyota niliomba. Niliziomba kwa kila mtu aliyelala ndani ya nyumba ya papa, baba yangu mzazi, pale Nyalukemba, na kwa wengi ambao hawakulala hata siku moja. Nilikuwa nasimama mlangoni na sanduku la mgeni mkononi, nacheka meno yote nje, nasema: "Kama ulifurahi, utuandikie neno ku simu. Nyota tano, tafazali." Nikikumbuka kile kicheko changu, uso unaniwaka hadi leo.

Projeti niliyokuwa sekretari wake ilikuwa imefungwa, namna zinavyofungwa zote hapa Bukavu: wakubwa wanatoa hotuba, mnakula keki, kesho yake unaamka huna pa kwenda. Nikarudi kwa papa. Maman alikuwa ameshafariki, na mzee alikaa peke yake katika nyumba ya vyumba sita, yeye na madaftari yake ya miaka mingi ya ualimu. Ile nyumba aliijenga mwenyewe, likizo moja ukuta, likizo nyingine dirisha. Grand frère wangu, kaka yangu mkubwa anayekaa kule Kasha, alitaka iuzwe. Papa ahamie kwake, kila mtoto achukue sehemu yake, maneno yaishe. Papa alisema atatoka pale akiwa amebebwa.

Mimi ndiye niliyepata akili ya kugeuza vyumba vinne kuwa vya wageni. Grand frère alikubali kwa midomo tu.

"Nakupatia mpaka Pasaka," aliniambia. "Pasaka ikipita na nyumba haijilishe, tunauzisha. Usikuye kunililia."

Sikumlilia. Nilipaka rangi, nilishona mapazia, nilijifunza kukaanga omelette isiyoungua pembeni. Kila asubuhi papa alikuwa anakaa kwenye kiti chake barazani, ziwa mbele yake, na mimi nikipita na mashuka nilikuwa najisemea: huyu mzee hatoki hapa, labda niwe nimekufa. Nilikuwa namaanisha.

Wageni wa kweli katika mji huu wanaletwa na ONG, haya mashirika ya misaada. Nilimwendea logisticien mmoja, mtu mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia wafanyakazi wa ONG yao mahali pa kulala. Alinieleza bila kunizungusha. Wanaweka watu wao katika nyumba zilizo kwenye liste yao tu. Liste inafungwa Ijumaa, juma moja kabla ya Pasaka. Na nyumba inaingia ikiwa kwenye simu ina maoni ya watu kumi na tano, wastani wao nyota nne na nusu kati ya tano.

"Chini ya pale, maman, hata miye sina namna," akasema.

Ndipo nikaanza kuomba. Na hakuna kazi ngumu kama hiyo, kwa sababu watu wa kwetu hawaandiki aksanti. Mtu akifurahi atakurudishia sahani yako ikiwa na kitu juu yake. Atakuletea shemeji yake, atakusifu mbele ya watu misa ikiisha, mpaka uone haya. Lakini kuandika? Kwetu mtu anaandika akiwa anashitaki. Kila nilipomwambia mgeni wa hapa hapa aniandikie, alishtuka, ananiuliza nina shida gani na serikali.

Wageni wa mbali ndio walioniua kabisa. Mmoja alinikumbatia, akaniita dada, akasema hajalala vizuri hivi tangu afike Congo. Akanipa nne, kwa sababu eti ukuta wa jirani unaficha kipande cha ziwa. Ukuta wa jirani! Nikaubomoe? Mwingine alinipa nyota moja, moja tu, kwa sababu maji yalikatika. Maji yalikatika Ibanda nzima, mtaa wetu wote! Nilimbebea madumu mimi mwenyewe, kwa mgongo huu, nikamchemshia, akaoga akiimba. Nyota moja. Yule mtu, popote alipo, sabuni imwingie machoni.

Nilipoona wageni hawatoshi, niliwaendea mamans wa shirika letu, ile jumuiya ndogo tunayosali nayo kila juma nyumba kwa nyumba. Hapo nilijua natenda dhambi. Hawakuwa wamelala kwangu, wala wasingelala kamwe: nani analipa kitanda mtaani kwake mwenyewe? Lakini waliandika, tena kwa moyo mweupe. Mmoja aliandika Tumsifu Yesu Kristu. Mwingine alimsalimia dada yake aliye Kinshasa. Wa tatu alisifu mito yangu kana kwamba ameilalia mwaka mzima. Wote nyota tano. Jumatano ya juma lile la mwisho nilikuwa na watu kumi na nne, na wastani wa nne na nusu kamili. Alibaki mtu mmoja tu.

Papa alikuwa ameyaona hayo yote kutoka kwenye kiti chake, simu aliyonunuliwa na grand frère ikiwa kwenye mfuko wa shati. Jumatano hiyo, wakati natandika, alikuja akasimama mlangoni.

"Leo nitalala mu chambre deux," akasema.

"Papa, ile ni ya wageni."

"Niko mugeni."

Nilidhani ni uzee. Alibeba pijama yake na miwani yake, akaingia, akafunga mlango. Asubuhi alikaa kwenye meza ya wageni na shati la Jumapili, akaagiza omelette, akala polepole. Kisha akapitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama kama kina vumbi. Akafungua na kufunga mlango wa bafu mara tatu. Nilicheka kweli. Niliwaambia mamans wa shirika kwamba mzee wangu ameanza kurudi utotoni. Kumbe alikuwa anasahihisha.

Ijumaa asubuhi, saa mbili na kitu, simu ikalia. Logisticien.

"Maman, kuko nini? Jana mulikuwa na quatre virgule cinq, leo naona quatre virgule quatre. Liste naifunga saa sita. Rekebisha mbio."

Nne nukta nne! Nilifungua ukurasa wetu. Maoni ya kumi na tano yalikuwa pale. Nyota tatu. Juu yake jina la papa, jina zima, la ubatizo na la baba yake, namna alivyokuwa anajiandika kwenye bulletin zetu, zile ripoti za shule. Na chini, kwa Kifaransa chake cha ubaoni: chumba ni safi, omelette imefanywa vizuri, mlango wa bafu unalia, mwenye nyumba anaweza kufanya vizuri zaidi.

Anaweza kufanya vizuri zaidi! Maneno hayo nayajua kuliko Baba Yetu. Papa alinifundisha darasa la sita. Bulletin nilikuwa naipokea mkononi mwake darasani, naibeba hadi nyumbani, namrudishia mkononi mwake aisaini kama mzazi. Anaisoma yote upya, tangu juu, kama imetoka kwa mtu mwingine. Na kila mara chini kabisa yalikuwa maneno hayo hayo, na yeye kama mzazi anatikisa kichwa anakubaliana na mwalimu.

Nilitoka barazani na simu mkononi. "Papa, umefanya nini?"

Haki ya Mungu, alitabasamu. "Umeshaona? Nilitaka ikuwe surprise. Si ulikuwa unatafuta mutu wa kumi na tano?"

"Nyota tatu, papa? Tatu?"

"Points zako zilikuwa trois et demi. Ile ni soixante-dix pour cent, sabini ku mia, ile ni distinction. Lakini machine inakatalaka nusu, nikashusha. Mwalimu anashushaka, hapandishake."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa sauti ambayo jirani wote waliisikia, hata yule mwenye ukuta. Liste, saa sita, Pasaka, grand frère, Kasha. Kwamba ni nyumba yake mwenyewe anaiuza kwa kidole chake. Nilimwomba abadilishe, aweke tano, ni dakika moja tu.

"Tano ni ya nani?" akaniuliza. "Tangu nianze kufundisha, sijapatiaka mutu maximum. Hata mwenye iko professeur ku université leo, sikumupatia."

"Weka nne basi!"

"Points hazibadilishwake juu mutoto analia."

Mtoto! Nina mvi, mimi. Hasira zikanipanda mpaka sikuona mbele. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Nilimwambia kwamba wale wote aliowanyima points ndio leo wanaendesha magari, na yeye na ukweli wake anakula omelette yangu. Nilimwambia maman alikufa akingoja kusikia kwake neno moja tu tamu. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayengoja kitu. Nilidhani anangoja nipige magoti. Nikapiga, pale pale kwenye sementi. Hakubadilisha.

Saa sita ikapita. Logisticien aliniandikia pole, mara mbili. Jumatatu ya Pasaka grand frère alifika na mnunuzi, na huyo mnunuzi alipima kiwanja kwa hatua zake, toka ukuta hadi ukuta, bila hata kuingia ndani. Mlango wa bafu haukumhusu. Hakuna kilichomhusu isipokuwa mahali. Papa, aliyesema atatoka akiwa amebebwa, alisaini mwenyewe: Pasaka ilikuwa imepita, na neno ni neno.

Siku ya kuhama tulikaa kiti cha nyuma cha gari, mimi na papa, katoni ya madaftari miguuni petu. Hatukuwa tumesemeshana tangu ile Ijumaa. Grand frère alikuwa anaendesha, anapiga honi, ana haraka. Tulipofika Nyawera gari likakwama katika msongamano wa soko, wabeba mizigo wakipita kushoto na kulia, watu wa moto, wale wa pikipiki, wakituzomea. Papa alikuwa anawatazama kupitia dirishani.

"Wawili tu bangetosha," akasema taratibu.

"Nini, papa?"

"Batu wawili, wakupatie tano tano. Hata hapa Nyawera ungebapata mu dakika kumi. Ingerudia ku quatre virgule cinq. Ile calcul nilifanya asubuhi ile ile, weye ukiwa unapiga makelele."

Nilimgeukia. "Na haukuniambia?"

"Nilikuwa nakungojea ufanye. Wakati ya examen mwalimu haongeake."

Nilitoa simu nikafanya hesabu. Ilikuwa kweli: nne nukta arobaini na saba, na ukurasa ungeiandika nne na nusu. Watu wawili. Nilikuwa na zaidi ya saa tatu, na zote nilizimaliza nikigombana naye na kulia kwenye sementi. Sokoni pale kuna maman aliyekuwa ananiuzia mayai ya wageni kila Jumatatu, angeniandikia hata kumi. Sikumfikiria. Nilitaka kufungua mlango wa gari nishuke, nipotelee katika watu wale, nisimwone tena yeye wala mwanawe aliyeshika usukani. Sikushuka. Katoni ilikuwa imenibana miguu.

Sasa papa anakaa Kasha, chumba cha nyuma, na dirisha lake linatazama ukuta. Nyumba ya Nyalukemba wameivunja, wanapandisha ghorofa. Ukurasa wetu bado uko kwenye simu. Nilijaribu kuufuta nikashindwa, na mara moja moja unaniandikia wenyewe, unaniuliza kama nataka kupata wateja zaidi. Mjinga ule.

Naenda kumwona kila Jumapili. Namletea mkate, namkata kucha, nampaka mafuta ya magoti. Sijamsamehe, niseme ukweli. Na mimi mwenyewe sijajisamehe, na nikiwa peke yangu sijui yupi kati yetu ninayemkasirikia zaidi.

Jumapili iliyopita nilimkuta jirani yao, maman mmoja mnene mwenye sauti, amekuja kuazima mwiko. Aliponiona akapiga makofi.

"Weye njo mutoto wa mwalimu? Ule wa nyota tatu?"

Nilidhani ananichokoza. Nilikuwa tayari kumjibu vibaya.

"Anatuambiaka kila siku," akaendelea. "Anasema batoto yake bote alifundisha, ni weye peke ulipata distinction. Anatuonyeshaka ku simu, tunasoma. Alimuonyesha hata padri. Félicitations, maman."

Papa alikuwa kwenye kiti chake, hatua tatu kutoka pale, simu kwenye mfuko wa shati. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa ananitazama namna ile ile ya asubuhi ya Ijumaa.

"Aksanti, maman," nikamjibu yule jirani.

Nikaingia jikoni kwa grand frère, nikavunja mayai mawili, nikamkaangia papa omelette bila kuunguza pembeni. Alikula polepole hadi mwisho, akafuta midomo, akanirudishia sahani. Akasema chumvi imepungua kidogo.