Msanii wa Dar Aliyetoka Mabatini

Juzi nilialikwa kwenye redio ya mtandaoni ya vijana wa Mabatini, chumba kimoja kilichozibwa magodoro ukutani. Walijua masikio yangu ndiyo mizani ya muziki wa Mwanza nzima, nani asiyejua?

Msanii mmoja, akiogopa kudharauliwa kwa kuwa wa hapahapa, akatamba hewani: "Mimi natokea Dar."

Simu ya studio ikaita, ikawekwa hewani. Mama yake. "We! Dar ipi? Si umetoka hapa sasa hivi umeniachia vyombo!"

Msanii akainuka aondoke. Mtangazaji akamshika shati. "Shikamoo, mama. Wimbo wake tunaupiga."

"Marahaba. Fanyeni haraka, majirani wamejaa uani wanausubiri."

Redio kubwa ya mbali, isiyomjua, ingemwamini kuwa ni wa Dar, na wimbo wake isingeupiga.