Nyumba ya Ghorofani Mkabala na Makumbusho

Siku yangu ya kwanza kwenye udalali wa nyumba, Mwenyekiti wa kijiwe chetu alinipeleka kwenye chumba kimoja karibu na soko la Tunduma, akanisimamisha katikati, akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamjibu kuwa rangi ni nzuri. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Rangi kila mtu anaiona. Tazama dari kama lina madoa ya maji. Fungua bomba. Nenda mpaka chooni. Nyumba ikivuja mteja atakutafuta wewe, hatamtafuta fundi rangi."

Mzee yule aliijua kazi. Mteja akitoka upande wa Zambia alimpokea kwa "Muli shani", wakamaliza salamu zote kwa Kibemba kabla nyumba haijatajwa. Alitufundisha kuonyesha nyumba mbovu kwanza, ile nzuri iwe ya mwisho, mteja akiwa amechoka na jua. Nilipoiva akanipeleka Nanyala, kwenye vyumba vya madereva wa malori, watu wanaopanga leo na keshokutwa wako Lusaka. Baadaye nikafanya kazi Vwawa chini ya mtu tuliyemwita Katibu, kwa sababu hakuamini maneno ya mdomo. Wateja wetu huko walikuwa watumishi wa serikali, nao walitaka uzio na chumba self, yaani chenye choo na bafu ndani. "Andika mkataba, bwana," Katibu alikuwa akiniambia. "Wakigombana, kila mmoja atakumbuka lake."

Niliporudi Tunduma nilikuwa dalali kamili. Sijisifu, nasema kilichokuwepo: ukitaka nyumba nzuri mjini, ulielekezwa kwangu. Na niseme wazi, uongo mdogo ulikuwa mojawapo ya vifaa vyangu. Mwenye nyumba akisema hataki watoto, nilimwambia watoto wako kijijini kwa bibi yao. Wakishahamia, atawafukuza? Niliona nasaidia watu, na sikukosa usingizi hata siku moja.

Ndipo akaja Neema. Alikuwa ameajiriwa kutunza nyumba ya makumbusho ya majengo ya zamani ya mji, ile yenye milango ya maduka ya kale, matofali ya kila aina na picha za mitaa ilivyokuwa. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano na hakuwa na mume. Mkuu wake alimpa wiki mbili apate makazi jirani, awe anakimbia mchana kunyonyesha na kurudi, la sivyo kazi apewe mwingine. Nyumba jirani iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu: vyumba viwili na jiko, ghorofani, mkabala na makumbusho. Dirishani unaona hadi mlango wa ofisi yake.

Mwenye nyumba, Mama Eliza, alikuwa Mnamwanga mjane, kiongozi wa akina mama kanisani kwake. Aliishi chini, na sharti lake lilikuwa moja: wapangaji wawe mke na mume.

"Una kaka?" nikamuuliza Neema.

"Ninaye, Japheti."

"Basi Jumamosi ndiye mume wako."

Alisita. Nikamwambia asinifundishe kazi. Nikawakalisha wote wawili, nikawapa kanisa walilofungia ndoa, mwaka, hata jina la mchungaji. Japheti nikamfanya dereva wa safari ndefu, ili asipoonekana nyumbani isiwe ajabu.

Jumamosi tukaingia sebuleni kwa Mama Eliza. Shikamoo, marahaba, chai ikaja. Hakuuliza habari za ndoa hata kidogo. Alimgeukia Japheti kama mama yeyote wa huku anavyomgeukia mgeni: "Kwenu wapi, baba? Ukoo gani?" Japheti akajibu, Momba, akataja ukoo. Mama Eliza akatabasamu, akamgeukia Neema. "Na wewe, mwanangu?" Binti wa watu akajibu kama alivyozoea kujibu tangu utotoni. Momba. Ukoo uleule.

Mimi Mnyiha wa Igamba, niliyekuzwa kwa kuulizwa swali hilo kila mlango nilioingia, nilisahau kuwapangia koo tofauti.

Mama Eliza akaweka kikombe chini, akanigeukia mimi. "Mzee wangu, umeniletea ndugu wa damu niwape kitanda kimoja?"

Nikaanza kusema wapo watu wa ukoo mmoja wasiojuana. Neema akanikatiza. "Mama, huyu ni kaka yangu. Sina mume. Nina mtoto mchanga na kazi yangu iko hapo ng'ambo ya barabara. Nikikosa hapa, na kazi nimekosa."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa jirani, Mama."

"Kamlete, nimwone mpangaji wangu."

Nikashusha pumzi, nikatoa karatasi za mkataba mfukoni. Mama Eliza akanyoosha kiganja.

"Wewe nipe ufunguo wangu. Huyu amenieleza shida yake kwa maneno mafupi nikaelewa. Wewe miaka yote hii umeniletea wapangaji. Sasa nitajuaje ni akina nani walioishi kwangu?"

Nikautoa ufunguo niliokuwa nikionyeshea nyumba. Nikampa. Jumapili alilisema kanisani, na kabla ya wiki kuisha wenye nyumba wengine walikuja kuchukua funguo zao, kwa heshima, wakinipa pole kama mgonjwa. Vijana husema nilistaafu kwa sababu ya magoti. Magoti yangu ni mazima. Kazi niliiweza, na bado naweza kukuonyesha dari linalovuja nikiwa barabarani tu. Kilichoniisha ni kuaminiwa, na iliniuma, inaniuma mpaka leo.

Neema yuko kazini hadi sasa, na mtoto anakimbia. Huwa napita kuwasalimu. Nabisha hodi mlango wa chini, Mama Eliza anachungulia dirishani kuona ni nani, nami nasimama nje na kofia mkononi, nangoja nifunguliwe.