CD Niliyosema Imeliwa na Jua

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na ilianza kama siku yoyote ya kazi. Nilikuwa dukani kwangu Thika, mbele ya kompyuta, mama mmoja akaingia, akaweka CD mezani na kusema, "Fundi, hii kitu yako iko tupu."

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wewe umezaliwa nyimbo zikiwa ndani ya simu, na huenda CD umeiona tu ikiwa imening'inizwa shambani kufukuza ndege. Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya kiwanda na kukodi chumba kimoja karibu na steji ya matatu. Nilirekodi harusi, kwaya na mahubiri kwa kinasa sauti kidogo, kisha nikayachoma kwenye CD. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kitabu cha kompyuta nilikisoma hadi nusu. Nusu hiyo ilinitia kiburi kuliko kama nisingesoma kabisa.

CD za kuchoma zilikuwa za aina mbili. Moja iliandikwa R. Ndani yake mna rangi ambayo mwanga wa mashine huichoma, na ikishachomwa hairudi, ukikosea, unaitupa. Nyingine iliandikwa RW. Hiyo ina tabaka la madini ambalo mwanga hulibadilisha, na mwanga huohuo unaweza kulirudisha lilivyokuwa, kwa hiyo unafuta na kuandika upya mara nyingi upendavyo. Ukizigeuza chini, ya kwanza ina ukijani au usamawati, ya pili ni ya kijivu kilichoiva. Hayo niliyajua. Nisilolijua, maana lilikuwa katika ile nusu ya kitabu ambayo sikuifikia, ni kwamba ile ya kufutika hurudisha mwanga hafifu, na redio nyingi za zamani haziwezi kuisoma. Huizungusha, hutafuta, kisha husema hakuna kitu.

Sasa huyo mama. Aliitwa Mama Wambui, wa Ruiru, na mumewe, Mzee Kariuki, alikuwa amelala mgonjwa. Wambui ndiye aliyekuwa kitinda mimba wao. Baba yake alimchagulia chuo, yeye akakataa na kwenda Mombasa kufanya kazi. Mzee akamtamkia maneno mazito mbele ya watu, na tangu hapo hawakusemezana. Alipozidiwa, mzee alimwita. Binti alikuwa bado hajafika, na mzee akasema hatangoja, aletwe mtu wa kurekodi maneno yake kwa binti.

Nilikwenda nyumbani kwao asubuhi. Chumbani tulikuwa watatu tu: mzee, mkewe na mimi. Mzee aliongea kwa ufupi. Wambui alikuwa amepewa jina la nyanya yake, yaani mama mzazi wa Mzee Kariuki, na kama desturi yetu ilivyo, mtoto wa namna hiyo baba humwita maitũ, yaani mama yangu. Mzee Kariuki hakuwa amemwita hivyo tangu wagombane. Siku hiyo alimwita.

Niliporudi Thika nilikuwa na CD za aina zote mbili. Nikachagua ya RW kwa sababu ndiyo iliyokuwa ghali zaidi, nikidhani nampa mzee kilicho bora. Juu yake nikaandika "Wambui" kwa kalamu ya wino mzito. Kisha nikafuta kila kitu kwenye kinasa sauti na kwenye kompyuta, kwa kuwa vyote vilikuwa vimejaa na Jumamosi nilikuwa na harusi.

Mzee alifariki kabla ya binti kufika. Baada ya mazishi wakaiweka CD niliyowapelekea kwenye redio ya nyumbani, haikutoa sauti. Ndipo mama akaja kwangu.

"Haiwezi kuwa tupu, mama," nilimwambia.

"Basi kuja Ruiru uambie redio yangu. Inazunguka tu, kama mtu amepotea sokoni Githurai."

Tulicheka. Nilimwambia aende sokoni kwanza, akirudi atakuta nimemchomea nyingine. Nilikuwa na hakika kwamba sauti ya mzee bado iko kwenye kompyuta. Nilikuwa nimesahau kwamba niliifuta. CD yake nikaiweka juu ya zile nilizokuwa nikizitumia na kuzifuta, kwa sababu alikuwa ameniambia iko tupu, nami sikuona haja ya kuhakikisha.

Mwalimu wa kwaya akaingia anataka wimbo wa mazoezi, na ana haraka. Nikachukua CD ya juu, nikaitia kwenye mashine. Kompyuta ikaniuliza: hii ina kitu ndani, nifute? Swali hilo nililiona kila siku kwa CD za RW, na kila siku nilibonyeza ndiyo. Nikabonyeza ndiyo. Kompyuta iliniambia ukweli, mwanangu, tena kwa maandishi, na sikusoma.

CD ilipotoka nikaona jina la Wambui.

Nilitafuta kwenye kompyuta, hakuna. Nilitafuta kwenye kinasa sauti, nikakuta harusi. Mwalimu wa kwaya nikamchomea CD nyingine, akaenda zake akiimba. Ya Wambui nikaifuta tena ili isitoe wimbo wa watu, nikaipangusa, nikaitia kwenye kasha jipya. Mpaka hapo lilikuwa kosa la uzembe, na kosa la uzembe mtu hulisema likaisha.

Mama alirudi na mfuko wa mboga.

"Mama, hii CD uliiweka wapi kule nyumbani?" nikamuuliza.

"Juu ya kabati."

"Karibu na dirisha?"

"Si mbali na dirisha."

"Basi ndiyo hiyo. Jua limeila."

"Haiya! Jua hukula CD?"

"Hizi, ndiyo."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Ngai, Mungu wangu," akasema. "Sasa Wambui nitamwambia nini?"

Nilimpa CD yake. Alipoileta alisema iko tupu, nayo ilikuwa imejaa. Aliporudi nayo ilikuwa tupu kweli. Akanishukuru, akaondoka.

Miaka ilipita. Biashara ya CD ilikufa, nikahamia Murera kufuga kuku. Siku moja nilikutana na Mama Wambui kwenye matanga Ruiru, amezeeka, anatembea na fimbo. Aliniona kabla sijageuka.

"Fundi wa CD!" akaita kwa furaha, kisha akamwambia jirani yake, "Huyu ndiye alirekodi mzee wangu. Ile CD niliharibu mimi mwenyewe kwa ujinga wangu." Halafu akaniambia, kama mtu anayeeleza habari za mvua, kwamba Wambui huja nyumbani mara chache na hakai sana. Hajawahi kuamini kwamba baba yake alimbariki. Huamini kwamba mama yake aliyatunga maneno hayo ili kumtuliza.

Nilimuuliza Wambui atakuja lini tena. Akaniambia Jumapili. Jumapili nikaenda.

Walikuwa sebuleni, mama na binti, na binti naye ana mvi. Nilikaa, nikasema yote niliyokuandikia hapa, tangu kitabu cha nusu hadi dirisha. Wambui aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na CD ndani ya kasha lilelile.

"Hii?"

"Hiyo."

"Kwa hivyo mama hakuiweka kwa jua?"

"Hata kama aliiweka, alipoileta dukani ilikuwa nzima. Niliifuta mimi."

Mama Wambui alikuwa anaangalia dirisha. "Mimi nimeikumbuka hiyo siku miaka hii yote," akasema. "Hata naona kabisa vile jua liliigonga. Kumbe halikuigonga."

Hilo ndilo ninalolibeba mpaka leo, mwanangu. Nilidhani nimemwachia lawama tu. Kumbe nilikuwa nimemwachia na kumbukumbu.

Wambui akaniuliza, "Ulikuwa pale baba akiongea?"

"Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda."

"Alisema nini? Usiniongezee, mzee."

Sikumwongezea. Nilimwambia nakumbuka machache. Alimwita maitũ mara mbili. Alisema maneno aliyomtamkia mbele ya watu ameyarudisha, na kwamba mlango wa boma ni wake kama wa wenzake. Katikati alikohoa sana, na nilipotaka kusimamisha mashine akanikataza. Akasema kikohozi kiachwe, binti ajue ni baba yake.

Wambui aliiweka CD mezani. "Hata kikohozi mama alisema."

"Si nilikuambia?" mama yake akasema. "Nilikuambia mpaka kikohozi."

Binti akahamisha kiti, akakaa karibu na mama yake. Mimi nikanywa chai niliyopewa. Wambui alinisindikiza hadi langoni, na hakusema amenisamehe. Alisema, "Ungekuja mapema." Nikasema, "Ndiyo."

Basi nakushauri hivi. Mtu akikuletea kitu na kukuambia hakina kitu ndani, kitazame kwa macho yako kabla ya kukifuta. Mashine ikikuuliza swali, lisome, hata kama uliliona jana. Kilicho cha pekee kiweke mahali pasipofutika, na uweke nakala mbili. Ukiharibu cha mwenyewe, mwambie siku hiyohiyo, angali mlangoni, kabla hujapata nafasi ya kutafuta dirisha la kusingizia. Nilidhani neno nililomwambia yule mama ni la kufutika, kwamba siku moja nitarudi na kuliandika upya. Nilirudi, na nikalikuta limeshachomwa.

Mungu akulinde mikono na macho unapofanya kazi. Akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" mapema kuliko nilivyosema mimi. Na wale waliokupa jina, wakuite kwa upendo ungali karibu, upate kuitika.