Blanketi la Mama Mkwe

Kavoi hakuuza nguo. Aliuza joto. Ndivyo alivyowaambia wateja pale Lindi, Kibera, akisimama mbele ya kibanda chake cha majaketi ya mtumba huku jasho likimtiririka shingoni. Wateja wake wakubwa walikuwa vijana wa chuo waliokwenda mlimani kupiga kambi, na Kavoi aliwachagulia kama daktari anayeandika dawa. Pahali pa baridi kavu, chukua jaketi la manyoya ya bata. Pahali pa mvua, chukua koti la sufu, maana manyoya yakilowa ni kuku tu aliyenyeshewa. Na usisahau cha kutandika chini, kwa sababu ardhi ndiyo inayoiba joto kuliko upepo. Yeye mwenyewe hakuwa amelala nje hata mara moja. Alimshangaa mtu mwenye nyumba anayelipa ili akalale kichakani.

Uchaguzi wa Desemba ukampa nafasi ya kujaribu bidhaa zake.

Kura zilihesabiwa, au hazikuhesabiwa, inategemea unamuuliza nani. Januari mkubwa mmoja kutoka Ukambani akapewa kiti kinono serikalini. Kavoi, Mkamba ambaye hakupewa hata stuli, akaambiwa na vijana wa mtaa aliokuwa akiwauzia majaketi kwamba amewasaliti. Wakachoma kibanda, wakiwa wamevaa hayo hayo majaketi. Kavoi alitoka mbio na gunia moja mgongoni, mkewe Mutheu, na mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutoka Kitui kabla ya Krismasi kutibiwa jicho, akilala kwa jirani. Jicho halikutibiwa. Lile zima nalo likaona mambo ambayo lisingeyataka.

Barabara ya Kitui ilikuwa imefungwa, wakaishia Kawangware, kwenye uwanja wa kanisa uliogeuzwa kambi. Hapo walikaribishwa na Okeyo, muuza dagaa wa omena aliyekuwa amefukuzwa Kawangware hiyo hiyo kwa kuwa Mluo.

"Karibu, buda," Okeyo akamwambia. "Wewe umefukuzwa kwetu, mimi nimefukuzwa kwenu. Tungebadilishana tu nyumba mapema, hakuna mtu angepoteza sufuria."

"Hapa si kwetu. Sisi ni wa Kitui."

"Waliokuja na panga hawakuniuliza ramani."

Kila familia ilipewa hema moja na blanketi moja la kijivu, jembamba kama ahadi za kampeni. Na hapo ndipo shida ya Kavoi ilipoanza. Mkamba halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hamwangalii usoni, hapokei kitu mkononi mwake. Heshima hiyo inaitwa nthoni, na haina kifungu cha dharura. Kavoi akatandika maboksi nje, karibu na ukuta wa hema, akavaa jaketi jekundu la manyoya ya bata lililokuwa bora kuliko yote guniani, lile ambalo wauza mtumba huliita kamera, yaani daraja la kwanza, akajifunika nailoni. Alilala vizuri tu. Alikuwa amechagua kama mtaalamu.

Kisha wakubwa wakapeana mikono kwenye runinga, wakatabasamu, wakanywa chai. Machi ikaleta mvua. Maji yakaingia hemani, blanketi la kijivu likalowa, na kikohozi kikaanza. Si cha Kavoi. Cha mama mkwe.

Jioni moja Kavoi alimpa Mutheu koti zito la sufu kutoka guniani ampelekee mamake. Akabaki nje akisikiliza kupitia turubai.

"Mama, vaa hii. Imetoka kanisani."

"Kanisa gani linanuka gunia la bwana yako?"

"Sawa, ni ya Kavoi. Vaa tu, mama. Unatetemeka."

"Sivai. Anifunike leo na nguo ya mzungu aliyekufa, kesho aseme blanketi alishaleta?"

Kavoi alifumba macho. Mbuzi wa mahari alikuwa amepeleka. Asali alikuwa amepeleka. Lakini blanketi la mama, lile ambalo mkwe hupeleka jipya, mchana, mbele ya watu, alikuwa akilisukuma mbele tangu Mutheu aingie kwake. Kila Krismasi alisema mwaka ujao. Mtu aliyevisha nusu ya chuo kikuu hakuwa amemfunika mwanamke mmoja.

"Mutheu," akaita, kwa sababu ya nthoni, "mwambie mama hii si ya mahari. Ni ya baridi."

"Mutheu," sauti ikajibu kutoka ndani, "mwambie huyo mtu nimemsikia. Na baridi nimeisikia pia."

Okeyo alikuwa na blanketi jipya. Kambi nzima ilijua. Alikuwa amelinunua ampelekee mamake Mwaka Mpya, barabara zikafungwa, na aliposhambuliwa aliokoa hilo akaacha omena. Lilikuwa bado ndani ya plastiki yake yenye zipu, lina picha ya simba. Kavoi alimfuata asubuhi kuliomba, na Okeyo hakuzungushazungusha.

"Nipe hilo jekundu."

"Hili? Okeyo, hili ndilo linaniweka hai."

"Na hilo simba ni la mamangu. Unadhani naokota mama?"

Kavoi akavua jaketi, likiwa bado na joto lake. Okeyo akalivaa, akafunga zipu hadi kidevuni. "Ngoja," akasema. "Mnapeleka na nani? Hii kitu si lazima wazee?"

Mzee wa Kikamba hakupatikana. Wote walikuwa wamekimbilia Machakos mapema, kabla barabara hazijafungwa. Kwa hiyo mchana huo mjumbe wa ukoo wa Kavoi alikuwa Mluo aliyevaa jaketi jekundu la kuteleza kwenye theluji. Aliinama mlangoni mwa hema na kusema maneno ambayo Kavoi alimfundisha dakika hiyo hiyo, akakosea nusu. Mama mkwe alicheka hadi kikohozi kikamkatiza. Akalipokea. Akapapasa plastiki kwa vidole, pembe zote, kwa kuwa jicho halikutosha.

"Mwambieni mkwe wangu nimelipata," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mkwe.

Nje, Kavoi aliketi kwenye maboksi na kulia kwa furaha. Kisha akangoja kusikia zipu.

Zipu haikusikika.

"Mama, lifungue basi," Mutheu alikuwa akisema.

"Nilifungue kwa matope haya? Hili litafika Kitui hivi lilivyo. Dada zangu walisema nilimtoa binti yangu bure. Wataliona."

Kavoi alimsihi kupitia Mutheu, akamtuma Okeyo, akamtuma na padri. Mama mkwe alimsikiliza kila mmoja kwa adabu, akalivuta blanketi karibu. Alililalia kama mto, plastiki ikichakacha kila alipokohoa. Kavoi naye, ndani ya koti la sufu lililokataliwa, alikuwa na joto kuliko kila mtu hapo, na hakupata usingizi.

Walimpeleka zahanati siku ya nne. Muuguzi akasema ni mapafu, akauliza kwa nini hawakumfunika. Alifia huko siku ya Jumapili, watu wakiimba kanisani.

Barabara ya Kitui ilikuwa imefunguliwa. Baada ya maziko dada zake wakaletewa blanketi. Walilizunguka, wakaigonga plastiki kwa kucha, wakamwangalia yule simba.

"Ni jipya kweli," mkubwa wao akakubali. "Hajalitumia hata kidogo. Kavoi, sasa umeoa."

Mutheu akalichukua mikononi mwao. Akafungua zipu hadi mwisho, akalitoa, akajifunika kichwa na mabega pale uani, jua la saa saba likiwaka. Mama mdogo mmoja akamwambia atalichafua.

"Lisogelee uone," Mutheu akasema, na mama mdogo akarudi nyuma.