Vidonge Visivyowasha

Kuna siku moja, mjukuu wangu, ambayo naikumbuka kwa ulimi kabla ya kuikumbuka kwa kichwa. Niliposikia umefungua duka la dawa pale Nyasho, umeweka kabati la vioo na koti jeupe umevaa, nilipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaolewa. Halafu nikaingia ndani, nikaogopa. Ngoja nikueleze nilichokiogopa. Mimi shule niliishia darasa la nne pale Makoko, kwa hiyo usitegemee maneno ya kitabuni. Kaa usikilize.

Nimezaliwa kwa wavuvi, Wajita, nikaolewa huku Butiama kwa watu wa ng'ombe na mtama. Mdogo wake mume wangu, babu yako mdogo Magesa, alikuwa na kazi ya kumfanya mtu aringe. Alikuwa mpakiaji kwenye bohari ya kampuni ya dawa, Musoma mjini. Kampuni ilikuwa ya serikali. Kiwanda chenyewe kilikuwa mbali, sikuwahi kukiona, lakini makopo yake yalikuwa kila mahali. Zahanati ikimaliza vidonge, kopo linagombaniwa, huyu anataka la kuwekea chumvi, huyu mbegu, huyu ugoro. Kila nyumba ilikuwa na kopo la Kampuni. Magesa akija likizo alikuwaga anatembea kijijini kama vile vidonge anavifinyanga yeye kwa mikono yake.

Ikaja ile miaka mibaya. Sabuni hakuna, sukari hakuna, kanga moja mama na binti wanavaa kwa zamu. Dawa nazo zikaanza kuadimika. Magesa alitueleza kwamba unga wa kutengenezea vidonge unatoka nje, na nchi haina fedha za kigeni za kuununulia. Mashine ikikaa bila kazi, inakula kutu. Kampuni haikufa siku moja, mwanangu. Ilikufa kama ng'ombe wa kiangazi: unaanza kuona mbavu, halafu anashindwa kusimama, na wewe bado unamwita kwa jina. Pale bohari ikabaki kazi ya kufagia. Mwishowe wafanyakazi wakapunguzwa, na Magesa akarudi nyumbani na baiskeli yake na makopo matupu.

Ninyi wa leo hamjui kuogopa joto la mtoto. Unamgusa shingoni asubuhi, unakuta moto. Zahanati kuna mganga, kuna kitanda, kuna mizani ya kupimia watoto, dawa hakuna. Nilikuwaga naamka nawagusa watoto mmoja mmoja kabla hata ya kuwasha jiko.

Halafu ikaja ruksa. Anayetaka kuuza auze. Pale Bunda, kando ya barabara ya Mwanza, maduka yakaota kwa fujo. Bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa akapanga ghala, akasema yeye ni kampuni mpya ya dawa, amenunua jina la ile ya zamani na mashine zake. Sijui alitokea wapi. Akamtafuta Magesa, maana Magesa anavijua vijiji na vijiji vinamjua. Akampa sanduku la kufunga nyuma ya baiskeli, na ndani ya sanduku makopo. Makopo yale yale ya Kampuni, mwanangu, na karatasi yake ile ile ubavuni. Tulipoyaona tulifurahi kama tumeona ndugu aliyerudi kutoka kifungoni.

Sasa nikuambie habari ya klorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ndani ya makopo yale, kwa sababu wewe umeikuta imeshastaafu. Ilikuwa chungu, chungu ya kukukunja uso mpaka kesho. Na ilikuwa inawasha. Ukimeza leo, usiku kucha ni kujikuna, ngozi nzima kama umelala kwenye upupu. Baba mkwe wangu alikuwaga anasugua mgongo kwenye nguzo ya zizi pamoja na ng'ombe wake, na hakuna aliyemcheka, maana zamu ya kila mtu ilikuwa inakuja.

Hii ya Magesa haikuwasha.

"Shemeji," aliniambia, amejaa furaha, "hii imeboreshwa. Unameza, unalala kama mtoto."

Jirani yangu Nyangeta alikuwa amesimama na ndoo kichwani. "Magesa, umetuharibia," alisema. "Usiku nilikuwa na kazi ya kumkuna mume wangu. Sasa nitafanya nini naye?"

"Mtafutie yeye kazi," mwingine akadakia, na tukacheka wote. Tulisema kumbe ruksa ina faida, kumbe zamani tuliteswa bure. Kijiji kizima tulisema hivyo.

Wegesa, huyo shangazi yako, alikuwa bado mdogo, anaanza kushika maneno. Akapata homa. Nikaponda kidonge kwenye kijiko, nikatia maji, nikampa kama tulivyozoea. Homa ikatulia kidogo, nikashukuru. Ikarudi. Nikampa tena. Ikarudi kali kuliko mwanzo. Macho yake yakawa yanaangalia kitu kilicho nyuma yangu, na mimi nageuka kuangalia, sioni.

Mama mkwe wangu alikuwa mama wa maneno machache, na mimi alinipenda kwa kunitania Ujita wangu. Siku hiyo alikaa kando ya mkeka akimtazama mtoto muda mrefu.

"Huyu mtoto hajajikuna," alisema.

"Dawa hii haiwashi, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Aliitema?"

"Hapana. Aliimeza vizuri."

"Mtoto wa umri huu alimeza klorokwini bila kulia?"

Akasema nimpe kidonge. Akakiuma, akatafuna taratibu kama anaonja mtama kama umekauka. Halafu akaniambia, "Wewe Mjita, lete ulimi." Akaniwekea kipande.

Mwanangu, ilikuwa chaki. Ilikuwa kama ule udongo wanaokula wajawazito. Nilingoja uchungu uje, nikaungoja, haukuja.

"Dawa hii umeinywa tangu unanyonya," mama aliniambia, na hakupandisha sauti. "Uchungu wake unaujua kuliko jina la mumeo. Mnachekelea kwamba hamjikuni, hamuulizi dawa yenyewe imekwenda wapi. Magesa, njoo hapa."

Magesa alikuwa nje anaziba pancha. Akaja anajifuta mikono.

"Tafuna hiki."

"Mama, mimi siumwi."

"Sijakuuliza kama unaumwa. Tafuna nikuone."

Akatafuna. Nilimwangalia uso wake ukibadilika. Kidonge kilikuwa kimeshaisha mdomoni, na yeye bado anatafuna tu, anautafuta ule uchungu. Na hapo hapo Wegesa akakaza mwili, akapinda kama upinde, macho yakageuka juu. Degedege.

Nilipiga ukunga, watu wakaja. Wakasema yale yaliyokuwa yanasemwa: msimpeleke hospitali, mtoto wa degedege akichomwa sindano ndiyo basi, mtafutieni mitishamba. Na mama mkwe, ambaye punde tu alikuwa simba, nikamwona amemkinga mtoto kwa mikono. Yeye mwenyewe aliwahi kuzika mtoto aliyefia kwenye sindano, na hofu ile ilikuwa haijamtoka.

"Naiogopa sindano," alininong'oneza.

"Hata mimi naogopa, mama. Lakini chaki tumeshampa."

Akanitazama. Akavua kanga yake mwenyewe, akanifungia mtoto mgongoni. Magesa akanipakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, akawa anakanyaga huku analia, na sikuwa na nafasi ya kumhurumia. Tukapata lori la pamba linalokwenda Musoma. Njia nzima nilikaa juu ya marobota nimempakata Wegesa, kiganja kwenye pua yake, nisikie kama pumzi bado inatoka. Kila lori lilipotikisika niliipoteza, nikadhani ndiyo basi.

Hospitalini nesi aliuliza mtoto amepewa dawa gani. Nilifungua mdomo, Magesa akawahi.

"Hajapewa kitu, sista," alisema. Na kweli hakuwa amepewa kitu.

Wakamtundikia dripu ya kwinini. Alipona, ila sikio la kushoto halikurudi. Ukimsemesha shangazi yako upande ule hakujibu, mnasema ana maringo.

Magesa alirudi kupita kila nyumba aliyoiuzia, kuwaambia wavitupe vile vidonge. Wengine walimtukana, mmoja akamrushia mchi. Alivumilia. Lakini nyumba moja upande wa Bunda alifika akakuta mama, baba na watoto wamenyoa vichwa, wamekaa nje. Alilaza baiskeli chini, akakaa nao. Hawakumuuliza kilichomleta, na yeye hakuwauliza wamemzika nani. Haya aliniambia uzeeni. Ghala la yule bwana lilikuwa limeshafungwa, na hakuonekana tena.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Kila mzigo unaoingia dukani kwako, ujue umetoka kwa nani, na yeye ameutoa wapi. Asiyeweza kukuambia, mrudishie mzigo wake hata kama ni mjomba wako. Usiamini kopo, usiamini karatasi nzuri. Mama akirudi kusema dawa yako haijamsaidia mwanawe, usimwambie hajui kutumia. Mkalishe, umsikilize mpaka mwisho. Na mtoto akikaza mwili mbele yako, usimuuzie mtu kitu, mwonyeshe njia ya hospitali na umtafutie usafiri. Magesa hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwema aliyefurahi haraka, na mimi ndiyo maana nakuogopea wewe, kwa sababu na wewe ni mtu mwema.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akubarikie duka lako na mikono yako. Watoto wa watu wakimeza ulichowapa, waamke asubuhi wanadai uji.