Jibu Nililolifuata Ziwa Jipe

Jambo la kwanza ninalomwambia mwanamke wa Mji wa Kale, Mombasa, anayetaka kuendesha gari mwenyewe kwenda bara ni hili: usibebe chochote chenye tui. Najua utabisha. Utasema mbaazi zako hazijawahi kuchacha, na samaki wako wa kupaka ulimla siku ya pili akiwa mzima. Ulimla nyumbani, penye feni. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Maungu, tui huharibika kabla hujamaliza chai yako, na harufu yake utakaa nayo mpaka urudi. Chukua mkate wa mofa, samaki mkavu, kababu zilizoiva kweli, achari ya ndimu, tende, na kahawa ya tangawizi kwenye chupa. Na kama wavaa buibui, lichomeke pindo kiunoni kabla hujawasha gari. Langu liliwahi kunasa kwenye klachi kule Mariakani, nyuma ya lori la makontena, na habari hiyo sitaki kuieleza zaidi.

Safari ninayoikumbuka hapa niliifanya mama alipokuwa ameshafariki na arobaini yake imepita. Tulikuwa tukiishi wawili, orofa ya juu ya nyumba nyembamba. Mimi sikuolewa. Nilikuwa nafundisha skuli moja ya Kizingo, na nikirudi namkuta dirishani, tayari kunieleza nani kapita, nani kanenepa na nani kavaa viatu visivyomfaa. Matanga yalipoanuliwa watu wakarudi makwao, mimi nikabaki na jikoni. Mkono wangu haukujua kupika kidogo. Wali ukawa unabaki kila siku, napeleka kwa jirani, mpaka jirani akaona haya kuupokea.

Mdogo wangu anaishi Tudor na mumewe na wanawe. Binti yake alikuwa ameolewa, chumba kimebaki kitupu. Kila Ijumaa nikienda kula kwake alinishikilia.

"Ndoo ukae nasi, dada. Chumba kipo. Peke yako juu kule wafanyani?"

Nikawa nampiga chenga. Ijumaa moja akanishika mkono mlangoni, akasema anataka jibu, ndiyo au la. Nikamwahidi kumpa nikirudi Jipe.

"Jipe? Wafuatani huko? Ndovu si wako kwenye televisheni?"

Nilikuwa nafuata hilo jibu, ingawa sikumwambia. Nilijiwekea mtihani, kama mwalimu. Nikiweza kukaa ziwani peke yangu, pasipo sauti ya mtu, na moyo ukatulia, basi nyumba ya mama naiweza na Tudor siendi. Nikishindwa, nafunga virago.

Nilivuka Makupa baada ya sala ya alfajiri, malori ya Kilindini kabla hayajajazana barabarani. Voi ndipo pa kujaza tangi na kupima upepo wa magurudumu. Usijidanganye kwamba mbele utapata. Unakata kushoto, unapita Mwatate na Bura, kisha unaiacha lami na kuingia udongo mwekundu. Ukiona mchanga laini, usikanyage breki wala usiongeze moto kwa hasira. Baki gea ya pili, uache usukani ucheze kidogo mikononi, utapita. Mimi nayajua yote haya, na bado nilisimama katikati ya mchanga kumtazama twiga, kwa ushamba tu. Nilipotaka kuondoka gurudumu la nyuma likajizika.

Kwenye buti nilikuwa na koleo na jamvi kuukuu. Nikachimba, nikapunguza upepo, nikalitandika jamvi chini ya gurudumu, na gari likatoka kwa kishindo. Nikashuka kulitazama, nikacheka, kisha nikalia. Nilitaka kumhadithia mtu kwamba nimelitoa gari peke yangu, na hata yule twiga alikuwa ameshaondoka.

Ziwa nililikuta limetulia, limezungukwa na matete, na ng'ambo yake milima ya Pare imesimama upande wa Tanzania. Viboko walikuwa wakikoroma majini. Palikuwa pazuri, sitasema uongo. Nikaweka kiti changu kivulini, nikatazama. Nikatazama tena. Nikagundua kwamba kitu kizuri usipokuwa na wa kumwambia "hebu tazama" huchosha upesi. Mpaka alasiri nilikuwa nimeshalisafisha gari ndani na nje, kazi ambayo Mombasa huwa namlipa mtu aifanye.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua chakula alipotokea askari wa wanyamapori, mtu mzima mwenye lafudhi ya bara, amekuja kuangalia kama niko salama.

"Karibu," nikamwambia.

Sikumaanisha kitu. Kwetu ukiwa unakula mtu akatokea, unasema karibu, naye anajibu starehe, anapita zake. Asiyekaribisha hana adabu. Anayekaribishwa akaketi, ama ni jamaa wa karibu, ama ana njaa ya kweli.

"Asante sana, mama," akasema. Akaiegemeza bunduki kwenye mti, akanawa mikono kwa maji yangu ya kunywa, akaketi.

Nikapigwa na butwaa. Mkate wa pili ulipokwenda nikakasirika, maana kile kilikuwa chakula changu cha kesho. Akajaribu achari, ikamuwasha mpaka machozi yakamtoka, akaomba nyingine. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Akanieleza habari za mkewe aliyebaki kwao akilima, na jinsi anavyomwona mara chache kwa mwaka. Akaniuliza kwetu pakoje, nikasema maneno mengi kuliko niliyoyasema tangu matanga. Aliponiaga sahani zilikuwa zinang'aa. Nikabaki nimekaa pale pale, na jibu ninalo. Sikuwa na moyo wa kukaa peke yangu. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba ninao mpaka nikaamini mwenyewe.

Nikalala garini, na asubuhi nikarudi Voi, tumbo tupu. Nikaagiza chapati na maharagwe kwenye mkahawa wa kando ya barabara, na kabla hayajaletwa nikampigia mdogo wangu.

"Jibu nimelipata," nikamwambia. "Nakuja. Nahamia kwako."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Wanisikia?"

"Nakusikia, dada." Sauti ilikuwa nyembamba. "Alhamdulillahi. Karibu. Ila kile chumba, wajua, huyu mwanangu ameshatia vitu vyake. Na yuataka kuoa. Lakini tutabanana, si neno. Karibu, dada."

Mdogo wangu huyu nimemlea mimi. Akifurahi hupiga kelele mpaka unaisogeza simu mbali na sikio. Mara hii nililazimika kuibana sikioni nipate kumsikia. Pale pale nikaelewa. Alikuwa akinikaribisha kila Ijumaa kwa moyo safi, na kwa moyo huo huo akingoja niseme starehe. Mimi nilikuwa nimeiegemeza bunduki mtini, nikanawa mikono, nikaketi.

"Nakutania," nikasema. "Mimi na Tudor wapi na wapi? Makelele yenu nitayaweza?"

Akacheka, cheko lake lile la kweli, mpaka mhudumu aliyekuwa akiniwekea sahani akageuka.

"Wallahi wanitia roho juu bure! Lakini chumba kipo, dada. Chumba kipo siku zote."

"Najua."

"Na Ijumaa usikose."

Nikamwambia sitakosa, nikakata simu. Chakula kikapoa mbele yangu. Mdogo wangu ananipenda, hilo silitilii shaka hata leo, na lau ningeshikilia angenipokea, angenitandikia kitanda na asingenung'unika hata siku moja. Ndiyo maana sikushikilia. Nilikuwa nimemtia hofu kwa kukubali tu.